Mbwa Niliyemlea Bila Kumgusa

Bata hawalali kama sisi. Wakijikusanya kundi, wale wa pembeni hufumba jicho moja tu, na lile jingine hubaki wazi likiangalia nje. Wa katikati ndio hufumba yote mawili. Mimi nimekaa bandani miaka mingi kuliko niliyokaa katika nyumba yoyote, na naona nililala hivyo hivyo muda wote huo, nusu ndotoni na nusu kazini. Sasa nimestaafu, hata mwezi haujatimia. Nikiamka asubuhi nyumba imenyamaza, na mikono haijui ishike nini. Nyie mliobaki bandani Toangoma, wewe Husna na mwenzio Joeli, mliniomba niwaandikie namna ya kulea mbwa wa bata. Nitawaandikia. Ila mtanivumilia, maana siwezi kusimulia habari za mbwa bila kusimulia habari za mwanangu, na sijui ni lini mambo hayo mawili yaligeuka kuwa jambo moja.

Nilianza Mbezi Beach, enzi ambazo kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na pori la kutosha mtu kupotea. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitano, Rehema, na talaka bado mbichi. Baba yake hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuondoka tu; hata alipokuwa nyumbani alikaa kama anayesubiri gari. Bata walikuwa wa Mwalimu Anjelina, Mpare, mjane aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, akavaa mabuti ya mvua na kuyavaa masika na kiangazi. Siku ya kwanza nilifika jua halijachomoza. Umande ulikuwa mzito, na bata wakatoka kwenye nyasi mmoja mmoja bila sauti. Bata wetu wa kienyeji, hawa wenye nyama nyekundu usoni, hawapigi kelele. Wanatoa pumzi tu, kama mtu anayepuliza chai. Nilisimama nikiwatazama wakinipita, nikasahau kwamba nimekuja kuomba kazi.

Kisha nikamwona mbwa, nikaganda. Nimekulia Mbagala, kwenye nyumba ambayo mbwa akipita barabarani mtu anakusanya khanga yake. Kwetu mate ya mbwa si uchafu wa kawaida. Yakikugusa unaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo.

"Unaogopa mbwa, mama?" Mwalimu akaniuliza.

"Siogopi, Mwalimu. Nina udhu."

"Basi udhu wako ukae mbali na mbwa wangu, mtapatana."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Mama yangu, Bi Tatu, aliposikia kuna mbwa, hakupiga kelele. Aliendelea kupepeta mchele wake. "Wewe nenda katafute riziki," alisema. "Mtoto abaki kwangu. Mtoto wa Kiislamu hakui na mbwa." Nikaenda kumuuliza shehe wa mtaa, naye akanieleza vizuri kwamba mbwa wa kulinda mifugo ameruhusiwa, nioshe tu anapotia mdomo. Nikarudi mbio na jibu langu. Bi Tatu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shehe haji kulala na huyu mtoto. Mie ndio nalala naye." Nikakubali. Nilijiambia ni mwaka mmoja tu, nikisimama kwa miguu yangu nitamchukua mwanangu.

Kosa langu la kwanza la kazi liko kwenye mayai, na naliandika ili msilirudie. Kwa mama tulifuga kuku, na kuku huatamia siku ishirini na moja, kila mtu anajua. Mwalimu alikwenda kwao Same kwenye msiba, akaniachia bata jike aliyelalia mayai kumi na manne. Ishirini na moja zikapita. Nikampa wiki nzima ya heshima, na siku mbili za huruma. Siku ya thelathini nikaamua kwamba mayai yote ni viza na bata ni mjinga anayekonda bure. Nikamwondoa, nikapasua yai la kwanza juu ya shimo la taka. Ndani kulikuwa na kifaranga kamili, manyoya yamelowa, mdomo unafunguka na kujifunga. Kiliishi muda wa kunitazama tu. Nilirudisha yale kumi na matatu chini ya mama yao, na siku ya thelathini na tano yakatotolewa kumi na moja.

Mwalimu aliporudi hakunigombeza. Alisema bata wa kienyeji hawajasoma kalenda ya kuku. Akanifundisha kuweka yai kwenye beseni la maji ya vuguvugu siku za mwisho: likitulia tuli, limekufa, likicheza, kuna mtu ndani. Tulikuwa tunainama wawili juu ya beseni, hatupumui, tukisubiri yai litikisike. Nimeona mambo mengi Dar es Salaam, lakini sijaona lililonishangaza zaidi ya yai linalojitikisa lenyewe kwenye beseni la kufulia.

Sasa mbwa. Wa kwanza kufundishwa mbele yangu aliitwa Bosi, kwa sababu alitoka Msasani, kwenye nyumba yenye geti la umeme, na alikuja na blanketi lake. Kila mtu alimpenda. Wakata majani walimbeba, wageni walimkuna masikio, Mwalimu mwenyewe alimpa mkate wa chai kwa siri akidhani sioni. Bosi akakua mkubwa, mzuri, mwenye adabu. Siku nguchiro alipoingia mchana kweupe na kubeba vifaranga saba kimoja kimoja, Bosi alikuwa jikoni amelala kwenye miguu ya fundi bomba. Nguchiro alikwenda na kurudi mara saba, jamani. Hata mwizi wa watu hupumzika.

Jioni ile Mwalimu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaniambia maneno ambayo ndiyo kazi yote, mengine ni nyongeza.

"Kosa ni langu. Mtoto wa mbwa anakuwa wa yule anayelala naye kabla hajamaliza miezi mitatu. Akilala na watu, atalinda watu. Akilala na bata, atajua bata ndio ndugu zake. Baada ya hapo utamfundisha kukaa na kusimama, lakini ndugu humbadilishii tena."

Nilikuwa nimeshika ungo wa pumba. Nakumbuka niliendelea kupepeta ingawa hamkuwa na cha kupepeta. Rehema alikuwa na mwaka na nusu.

Mtoto aliyefuata alikuwa wa mbwa koko wa machimbo ya kokoto, mweusi, tumbo limejaa minyoo, wiki saba tangu azaliwe. Tukamwita Askari. Mwalimu alitutangazia wote kwamba mbwa huyu haguswi, habebwi, hasemeshwi kama mtoto. Wakata majani walishindwa siku ya pili. Mwalimu akawahamishia shamba la mboga. Mimi peke yangu sikuhitaji kukumbushwa. Nilimsukumia sufuria ya chakula kwa ufito mrefu, nikamwekea maji kwa bomba la mpira, nikabadilisha matandiko yake kwa uma wa samadi. Tulimlaza bandani ndani ya kizimba cha wavu, bata wamemzunguka, ili asikie joto lao na pumzi zao na asiwarukie. Tukamfutia matandiko ya bata mgongoni kwa fagio. Alipotolewa kizimbani akataka kucheza nao, na bata dume mzee akamng'ata pua mpaka akalia. Nilitaka kuingilia. Mwalimu akanishika mkono, akasema mwache, huyo sasa ana mjomba.

Miezi mitano baadaye Askari alikuwa analala katikati ya kundi, vifaranga wamempanda mgongoni. Mwewe akitua juu ya mkorosho, alisimama kabla mimi sijakiona kivuli. Nguchiro walihama mtaa. Kenge mmoja mwenye urefu wa ngazi alijaribu mara moja, na hatukumwona tena. Wafugaji wakaanza kuja, wa Tegeta, wa Boko, wakiniuliza nimempa nini. Nikawajibu kweli tupu, kwamba sijamgusa hata siku moja. Waliondoka wakiamini nina mganga.

Uganga wenyewe ulikuwa woga wangu, na dini yangu, na ufito. Mbwa bora wa bata upande ule wa mji alilelewa na mwanamke aliyekuwa anamkimbia.

Kila Ijumaa nilikwenda Mbagala. Mji mzima ulikuwa kati yangu na mtoto wangu. Nilioga bandani, nikavaa khanga safi niliyoitunza kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda gari moja na jingine, na nilipofika bado nilikuta ndoo ya maji mlangoni, Bi Tatu ameiweka bila neno. Nikaosha tena, nikaonyesha mikono, ndipo nikaingia. Huko nyuma Mbezi, na njiani, na sokoni, watu walikuwa wakiniita Mama Rehema. Ndivyo tunavyoitana; ukishazaa, jina lako linakwenda kupumzika. Dunia nzima iliniita Mama Rehema isipokuwa Rehema. Yeye alimwita Bi Tatu "Mama", na mimi aliniita "Dada Mwana", kwa sababu naitwa Mwanahawa na hivyo ndivyo alivyosikia ndani ya nyumba.

Bi Tatu hakuninyang'anya mtoto. Nasema wazi, kwa kuwa amekufa na hawezi kujitetea. Alimlea vizuri, akamfundisha kusoma, kusali, kukaanga vitumbua visivyonyonya mafuta. Alinifichia hata homa za mtoto ili nisiharibikiwe kazini. Lakini kila Ijumaa mtoto alikuja mbio mlangoni, akaniona, akageuka kumwangalia mama yangu ili ajue afanye nini. Mimi nilijua maana yake. Nilikuwa nalipwa kwa kuijua. Nilichotaka maishani kilikuwa neno moja tu kutoka kinywani mwa yule mtoto, na sikuwa na namna ya kuliomba.

Alipofika miaka saba, Bi Tatu alipata msiba Rufiji, shule zimefungwa, hakuna wa kumwachia. Rehema akaletwa bandani wiki mbili. Nilipaka chumba chokaa. Nilinunua kandambili ndogo za rangi ya waridi. Siku tatu za mwanzo alikaa kizingitini akiangalia geti. Nilimwonya habari za mbwa kabla sijamwonya habari za kisima.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, saa ambayo hata majani husinzia, nikamkosa. Nikatazama chumbani, kwenye bomba, barabarani. Nikaenda kisimani, nikainama kuangalia chini. Kisha nikageuka nyuma ya banda, chini ya mkorosho, nikawakuta. Bata thelathini na kitu wamelala duara, wa pembeni jicho moja wazi, na mimi nikapita mbele ya yale macho yote wala hayakupepesa. Katikati alikuwa Askari, na juu ya tumbo lake kichwa cha mwanangu, kinapanda na kushuka na pumzi za mbwa. Jua lilikuwa linapenya majani na kuwadondokea wote sawasawa. Askari alinitazama, hakutikisika. Sijui nilisimama kwa muda gani. Nimepata kuota ndoto nyingi tangu hapo, na nyingi huanzia pale.

Rehema akaamka. Akaniona. Akatabasamu, na hilo lilikuwa la kwanza tangu afike. Akanyoosha mikono yote miwili kwangu.

"Dada Mwana! Njoo uone, ananipumulia!"

Mikono ile ilikuwa inang'aa kwa mate, na shavu pia. Nami nikarudi nyuma hatua mbili nikasema, "Usiniguse!"

Niliisema kwa sauti kubwa. Bata wote wakainuka. Mikono ya mtoto ikabaki hewani kidogo, kisha akaishusha mwenyewe.

Nikamtoa pale kwa kumwelekeza na ufito, ndiyo, ule ufito wa mbwa, ndio uliokuwa karibu. Nikamkalisha kwenye karai, nikachota udongo safi, nikamwosha mara saba, nikihesabu kwa sauti kama tulivyofundishwa. Hakulia mpaka mara ya nne. Ya saba ilipokwisha akaniuliza, "Mie ndio mchafu?"

"Mbwa ndiye," nikamwambia.

Lakini mbwa alikuwa amekaa pembeni mkavu, na aliyekuwa anatetemeka ndani ya karai ni mtoto. Kesho yake akaomba arudi Mbagala. Nikampeleka kwa jirani wa Bi Tatu, aliyekuwa amesharudi kutoka safari. Hakukanyaga tena bandani.

Vijana wangu, msije mkanisoma vibaya. Kosa halikuwa kuosha. Kuosha ni dini yangu, na hadi leo naosha. Kosa ni kwamba ningeweza kumshika kwanza, kisha tukaoga wote wawili. Udongo ulikuwepo, maji yalikuwepo, na siku ilikuwa ndefu. Jambo lenyewe ni dogo kiasi hicho, na limenichukua nusu ya umri kuliona.

Mbezi Beach ikajaa kuta. Majirani wapya walitaka bahari, hawakutaka harufu ya bata, na Mwalimu akahamishia mradi Toangoma, upande wetu wa mji. Nilikuwa karibu na Mbagala sasa, mwendo wa gari moja, na ukaribu ule haukusaidia kitu. Rehema alikuwa msichana wa sekondari mwenye heshima nyingi. Aliniamkia shikamoo, akaniletea maji ya kunywa, akauliza bata hawajambo. Ukitaka kujua mtoto si wako, angalia anavyokuheshimu.

Askari alikufa mwaka tuliohama, uzee tu, asubuhi, bata wakiwa bado wamemzunguka. Ilibidi niwafukuze kwa khanga ili tumzike. Badala yake tukaletewa kijibwa cha rangi ya mchanga, tukakiita Pole. Na hapa ndipo nilipokosea kwa makusudi. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa ufito. Mwalimu alikuwa ameanza kuumwa, haji bandani kila siku. Siku moja kile kijibwa kikaja kikaegemea buti langu, na nikainama nikakigusa kichwa. Kilikuwa cha moto. Sikujua kwamba mbwa ana joto kiasi kile. Miaka yote nilikuwa nafuga kitu nisichokijua. Nikaenda nyuma ya stoo nikaosha mara saba. Kesho yake nikamgusa tena, nikaosha tena. Mikono ikachanika kwa udongo, nikaipaka mafuta ya nazi, nikaendelea. Nilikuwa na furaha. Siwezi kuwaficha hilo kwa kuwa nawafundisha kazi.

Pole akakua ananijua mimi tu. Bata aliwaona kama vyombo vya ndani. Siku moja niliitwa ghafla, Bi Tatu ameanguka bafuni, nikaondoka mbio bila kumfunga. Pole alichimba chini ya wavu akanifuata mpaka barabara ya lami, na kwenye lile shimo wakaingia mbwa wa mtaani. Niliporudi alasiri nilikuta manyoya yamejaa kama mto wa sufi umepasuliwa. Bata hamsini na wawili wameuawa. Walibaki tisa, juu ya paa, kimya. Pole alikuwa getini, mkia unacheza, amefurahi kuniona.

Mwalimu aliletwa kwenye kiti akaangalia. "Hukumfundisha kazi," akasema. "Ulimfundisha akujue wewe." Kisha akaniuliza hali ya Bi Tatu, akaniambia niende nikapumzike.

Ningeweza kufukuzwa, na nisingelalamika. Nilibaki. Pole naye alibaki, mbwa asiye na kazi, mla bure, akinifuata mpaka alipozeeka. Sheria ya kazi iko pale pale: kijibwa cha bata msikiguse. Lakini mkiona hamwezi, mkiwa na njaa hiyo, basi chukueni mbwa wa pili awe wenu, na msidanganyane kwamba ni wa bata. Hilo nimelithibitisha kwa gharama ya bata hamsini na wawili, na sidhani kama kuna chuo kitakachowafundisha.

Waliofuata mnawajua, mpaka huyu Zamu mliye naye sasa. Sikuwagusa. Mwalimu alifariki, mpwa wake akaendeleza, nami nikaendelea kuamka kabla ya jua na kuwahesabu wakitoka. Miaka ile imekaa kichwani mwangu kama asubuhi moja ndefu. Bata wanatoka, wananipita, na nikitazama vizuri, wa mbele ni wale wa Mbezi na wa nyuma ni wa juzi, na mbwa anayewafuata kila nikimwangalia ni mwingine.

Bi Tatu alitutoka miaka miwili iliyopita. Rehema alikuwa ameolewa na fundi umeme, kijana mpole, wakikaa kwenye nyumba ile ile ya Mbagala. Msibani waliokuja walimwendea yeye kwanza, wakamwambia pole kwa kufiwa na mama, kisha wakaja kwangu wakanipa pole ile ile. Tulifiwa na mama mmoja, mimi na binti yangu. Tulikaa mkeka mmoja siku tatu, tukagawana kuhudumia wageni, na hakuna aliyemshika mwenzake.

Mwezi uliopita, wiki yangu ya mwisho ya kazi, nilikuwa nakuonyesha wewe, Husna, namna ya kusukuma sufuria ya Zamu bila kumtazama usoni, simu ikalia. Ilikuwa ya Rehema.

"Dada Mwana, shikamoo. Mie nimejifungua. Wa kike."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka bata wakatawanyika. Kisha nikasikia kitoto kinalia nyuma yake.

"Nani anakukanda?" nikamuuliza. Nyie vijana wa siku hizi mnaweza msijue, lakini kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, tumbo na mgongo na nyonga, asubuhi na jioni mpaka arobaini iishe. Anayekanda ni mama yake.

"Majirani wanataka," akasema. "Nimewakatalia."

"Kwa nini sasa?"

"Nakusubiri wewe."

Nilioga bandani mara mbili. Nilikata kucha mpaka zikauma. Nilifika Mbagala saa nne asubuhi, nikasimama mlangoni na mikono nimeificha nyuma, nikitafuta ndoo kwa macho. Hapakuwa na ndoo. Rehema alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, khanga kifuani, sufuria inatoa mvuke, mtoto amelala ndani kwenye mkeka.

"Nimetoka kwa mbwa," nikamwambia. "Ngoja kwanza nikaoge tena."

"Umeshaoga, nakujua. Ingia bwana, maji yanapoa."

Nikachovya taulo, nikakamua, nikaliweka mgongoni mwake. Sikuwa nimeugusa mgongo ule tangu siku ile ya karai. Mikono yangu ni migumu, udongo umeila. Nikamuuliza kama inamkwaruza, akatikisa kichwa. Nikashuka kiunoni, nikazunguka mbele. Kukanda tumbo la mzazi kunauma, na ukimwonea huruma hujamkanda. Nikachovya tena, maji ya moto kabisa, nikagandamiza kwa viganja vyote viwili na uzito wangu wote, kama nilivyogandamizwa mimi siku zangu.

"Mama!" akalia. "Mama yangu wee!"

Kila mwanamke hulia hivyo akikandwa. Nami nililia hivyo, na niliyemwita alikuwa pale pale ananikanda. Mwanangu alikuwa amefumba macho, machozi yanachuruzika, na sikujua anamwita nani, yule tuliyemzika au mimi. Taulo lilikuwa bado linafuka mikononi mwangu. Sikumwachia.

Nikaitika, "Abee."